Chupa ya Maji ya Kisima cha Baba

Dada yangu alikufa kwa kuhara damu, na mkono wangu ulikuwamo katika kifo chake. Nalisema hilo mwanzoni ili asiwepo wa kunionea huruma nisiyostahili.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, muda mfupi baada ya reli kufika Dodoma. Nilikuwa nasoma katika chuo kidogo cha misheni, mahali tulipoandaliwa kuwa walimu wa shule za vijijini. Tulisoma Biblia, hesabu na kuandika, na karibu yote tuliyasoma kwa kukariri. Mwalimu wetu, Mzungu aliyesema Kigogo kuwapita baadhi yetu, alituambia kuwa mvua hutokana na mvuke wa bahari. Tuliitikia, "Ndiyo, Bwana," kisha bwenini tukaulizana: hiyo bahari nani kaiona?

Ndipo kikajengwa chumba kipya. Kuta zake zilikuwa za matofali ya kuchoma, paa la mabati yaliyoshushwa stesheni na kubebwa vichwani hadi kwetu. Ndani mliwekwa mizani, kipimajoto, kopo la kupimia mvua na hadubini. Jina hilo la hadubini nimelijua uzeeni. Sisi tuliiita jicho la shaba.

Sitakisingizia chumba kile. Kilitufaa sana. Humo Bwana, yule mwalimu wetu, hakutuambia tuamini, alituambia tuangalie. Mwenzetu mmoja aliyekuwa wa mwisho katika kukariri akawa wa kwanza kwenye mizani, na tukaacha kumwita gogo la mbuyu. Tulipoona vilivyokuwa vikiogelea ndani ya maji ya lambo la chuo, mpishi akaanza kuyachemsha. Kila kiangazi tulizoea kuumwa matumbo, tukilazwa kwa zamu kama watu wanaolinda shamba. Kiangazi kile hakulazwa mtu.

Bwana akaona faida hiyo isiishie chuoni. Akampa kila mmoja wetu chupa yenye kizibo, aende kwao Jumamosi, ailete imejaa maji ya kisima chao. Kila mmoja angeyaangalia maji yake mwenyewe mbele ya wenzake, kisha angerudi kijijini na karatasi ya kuwasomea watu: maji yenu yako hivi, fanyeni hivi.

Zamu ya kwanza walikwenda watano. Mmoja alipoweka jicho kwenye shaba aliruka nyuma.

"Bwana, vinatembea!"

Tulipanga mstari tukaangalia, na kicheko kikaanza.

"Kumbe kwenu hamnywi maji, mnakunywa mchuzi!"

"Ndiyo maana amenenepa, nyama anaipata mtungini."

"Shemeji zako wajue wanaletewa nini kwenye kata!"

Wiki nzima aliitwa Mchuzi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa zamu ya pili.

Kisima chetu baba alikichimba kwenye mchanga wa korongo, akakizungushia uzio wa miiba ng'ombe wasiingie. Kwetu kisima ni heshima ya aliyekichimba. Ukimwambia mtu maji yake ni mabaya, umemtukana baba yake. Baba alipofariki, uzio ulikuwa kazi yangu, mwanamume pekee niliyebaki nyumbani. Mimi nikaenda kusoma. Miiba ikaoza, ng'ombe wakaingia. Nilijua hasa kitakachoonekana.

Dada yangu, aliyenilea tangu mama alipotutoka, aliipokea chupa kwa mikono miwili. Aliisugua kwa mchanga, akaisuuza mara tatu, akaenda korongoni mwenyewe.

"Waambie hayo ni maji ya baba," alisema. "Na usiyanywe njiani, nakufahamu."

Karibu na chuo niliyamwaga. Nikaijaza chupa maji yaliyochemshwa ya jikoni kwetu. Siku iliyofuata Bwana aliinama, akaangalia muda mrefu, akaniambia na mimi niangalie. Palikuwa na mwanga mtupu.

"Kisima kizuri," alisema, na wenzangu wakanong'ona kwa wivu. Akaandika karatasi: maji haya ni safi, kilindeni kisima chenu.

Waliopewa karatasi mbaya walirudi kwao na maneno ya kuchemsha maji, kuchuja na kujenga uzio. Walitukanwa, lakini walisikilizwa, kidogo kidogo. Mimi nilirudi na sifa. Niliisoma karatasi mbele ya tembe letu. Dada alipiga vigelegele, akaikunja, akaichomeka juu ya mlango.

Tulichota kisima kimoja na jirani yetu, mama mjane. Yeye alikuwa akimsemesha dada kila siku.

"Binti, uzio umelala. Ng'ombe wanakunya majini. Chemsheni kama wenzenu wa ng'ambo ya korongo, mtakuja kuugua."

"Mama, karatasi imesema safi. Unaishinda misheni?"

"Karatasi haina tumbo."

Watu walicheka. Maneno hayo wakayakumbuka baadaye.

Mwezi wa tisa niliitwa nyumbani. Dada alikuwa amelala juu ya ngozi, midomo imekauka. Alinitazama kama aliyefanya kosa.

"Sijui nimekula nini," aliniambia. "Maji yetu ni safi, umesoma mwenyewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilichukua kata, nikamnywesha maji yale yale. Nimeandika kweli: nilimnywesha, kwa sababu kumchemshia kungeniumbua. Akafa siku ya pili.

Kwenye matanga mjomba alisimama. Alisema kama maji yangekuwa mabaya tungefahamu, karatasi ipo. Basi kifo hiki kimetumwa na mtu, na aliyetangaza ugonjwa kabla haujaja anajulikana. Hakulitaja jina. Watu wote waligeuka kumtazama yule mama mjane, aliyekaa upande wa wanawake amejifunika kaniki. Asubuhi yake vijana walikuwa juu ya tembe lake wakiibomoa dari ya udongo. Mitungi yake ilikuwa nje, na yeye alikuwa akifunga mzigo.

Nilikwenda pale.

"Shukeni," nilisema. "Maji ya kwenye karatasi si ya kwetu. Niliyamwaga ya baba nikaweka ya chuo."

"Kwa nini?" mjomba aliuliza.

"Niliogopa kuchekwa."

Kijana mmoja aliyekuwa juu ya dari alisema, "Kuchekwa tu?" Hakusema kwa dharau. Alitaka kuelewa.

Mjomba alinitemea mate miguuni, akaondoka. Vijana walishuka mmoja mmoja, wakaanza kurudisha udongo kwa mikono. Mama mjane aliendelea kufunga mzigo wake.

"Baki, mama," nilimwambia. "Wamesikia. Hawatakugusa."

"Wamesikia leo," alijibu. "Mimi niliwaambia tangu masika." Akajitwisha, akaenda kwa binti yake upande wa Chamwino. Niliwahi kumfuata huko mara mbili kumwomba arudi. Alinipa ugali na mlenda, akanipa na maji, yamechemshwa, lakini kurudi hakurudi.

Kabla ya kurejea chuoni nilijaza chupa kisimani kwetu. Sikuisuuza mara tatu kama dada. Nilimweleza Bwana yote. Alisema niwaeleze wenzangu mwenyewe, ndani ya chumba kile.

Niliwaeleza. Kisha niliweka tone la maji ya baba kwenye kioo, nikaangalia. Vilikuwamo, vingi, vikienda na kurudi bila haraka. Nilichukua chaki nikavichora ubaoni, kimoja kimoja, na chini yake nikaandika jina la kijiji chetu. Wenzangu walipanga mstari wakaangalia kwa zamu, hata yule aliyeitwa Mchuzi.

Hakuna aliyecheka. Nilisimama kando ya ubao nikisubiri wacheke, na hadi wa mwisho alipoinua kichwa hakuna aliyecheka.