Goti la Mzee Kobelo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya reli hapa Morogoro, Msimamizi wa Karakana alinikabidhi tupa na kipande cha chuma, akaniambia nikisugue mpaka pande zake zote ziwe sawasawa. Nilisugua hadi viganja vikatoka malengelenge. Akakiinua kwenye mwanga, akakitazama, kisha akakitupa kwenye ndoo ya chakavu.

"Anza kingine," alisema. "Chuma hakijui kwamba umechoka."

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha breki za mabehewa. Huko nilijua maana ya wenzo: unasukuma hapa, kitu kinavutika kule. Karakana ilipopunguza watu, niliajiriwa mjini na mzee wa Kihindi mwenye duka la ala za muziki, ambaye sote tulimwita Bosi. Vijana mnaosoma haya mjue kwamba breki ya behewa haibishani nawe. Wanamuziki wanabishana.

Mbishi kuliko wote alikuwa Mzee Kobelo wa Mlali. Nilikuwa nakaribia kustaafu wakati mkewe, Bi Mwanaidi, alipoleta dukani gitaa la mumewe la pedali, la zamani, limefungwa kwa kanga mbili.

"Fundi, tangu arudi kutoka hospitali hatoki chumbani," alisema. "Watu wakija kumjulia hali, anajifanya amelala. Hili tu ndilo analoliulizia."

Gitaa hilo halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake kama meza, na mpigaji hukaa nyuma yake akitelezesha chuma juu ya nyuzi. Ukikanyaga pedali, ufito huzungusha shafti iliyo chini ya ubao, na shafti huvuta kidole, yaani kile kipande ambacho uzi hupita juu yake. Kidole kikiinama, uzi hukaza na sauti hupanda. Ukiachia, springi hurudisha kila kitu. Mguu wa kulia hukaa kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Hizi nyingine hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Na wa Mzee Kobelo ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari.

Nikaona njia: kuziondoa pedali za kushoto na kufunga nyenzo za kusukumwa kwa magoti. Bosi akaja kusimama nyuma yangu.

"Usitoboe ubao. Ukipasuka, hatuna pa kupata mwingine."

"Nitazifunga wapi bila kutoboa, Bosi?"

"Wewe ndiye fundi," akajibu, akaenda kunywa chai.

Nilikwenda Mlali kumpima mteja. Nikamweleza kwamba pedali zake mbili huwa anazikanyaga pamoja, kwa hiyo wenzo mmoja uwe goti la kushoto, wa pili la kulia.

"Yote kushoto," alisema. "Goti la kulia linauma."

"Mzee, goti moja haliwezi kwenda pande mbili kwa wakati mmoja."

"Nimepiga gitaa hili kabla hujajua kushika bisibisi. Yote kushoto."

Nikarudi dukani, nikatoboa Bosi akiwa kwenye chai. Ubao haukupasuka. Nikafunga nyenzo zote kushoto, kama alivyoamuru, nikalirudisha Mlali. Akakaa, akasukuma goti nje, uzi mmoja ukapanda. Akasukuma ndani, ukapanda mwingine. Akanitazama kana kwamba nimemwibia.

"Sasa nitazipandishaje pamoja?"

Bi Mwanaidi aliinuka akatoka nje. Nami nilitamani kumfuata.

Nikabeba gitaa hadi mjini, nikahamishia wenzo mmoja upande wa kulia, nikalirudisha tena Mlali. Safari hii akalalamika kwamba ni mgumu. Hapo alikuwa na haki, maana goti halina nguvu ya wayo. Nikausogeza ufito unaotoka kwenye shafti kwenda kwenye kidole, ukakaa karibu zaidi na shafti. Goti likawa linasafiri mbali zaidi, lakini kwa wepesi. Nikakaza skrubu ya kikomo, inayozuia uzi usipande kupita kiasi, nikamwambia ajaribu.

Alisukuma magoti yote mawili. Nyuzi zikapanda pamoja, taratibu, zikakutana. Akarudia. Kisha akapiga wimbo mzima, macho yamefumbwa, na Bi Mwanaidi akafungua madirisha ya upande wa barabarani. Majirani wawili wakasimama nje. Mzee Kobelo hakujifanya amelala.

"Uzi wa tano uko chini kidogo," alisema alipomaliza.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Watu husema kazi ya mikono humpa mtu subira. Si kweli kwangu. Nilikasirika tangu karakana hadi dukani, na nadhani hasira ilinisaidia kutoacha kitu kikiwa nusu. Ninachojutia ni mabega tu, ambayo sasa yananiuma.

Juzi Mzee Kobelo alinipigia simu. Anataka uzi wa pili uwe unashuka, siyo kupanda tu, na mtambo ule wa zamani haukuundwa kufanya vyote viwili.

"Mzee, mimi nimeshastaafu," nikamwambia.

"Mimi nimestaafishwa mguu," akasema. "Unakuja lini?"

Nikamwambia Jumamosi.