Sare ya Shangazi

Kazi ya kwanza niliyoletewa nyumbani ilikuwa suruali ya jirani. Zipu ilikuwa imekufa, na mwenyewe hakuona haja ya kuifua. Alinipa mikononi ikiwa bado na joto lake, halafu akasimama mlangoni pangu amevaa kaptura, anangoja. Niliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Ptuu! Nikamwambia arudi akiwa ameifua, akaenda akinung'unika ati mafundi wa siku hizi wana maringo.

Mimi sikuwa fundi wa mtu. Mchana ni karani kwenye ofisi moja hapa Embu, jioni narudi nyumbani mtaa wa Majimbo, navua viatu, naketi kwa cherehani yangu ya kukanyaga karibu na dirisha la sebule. Nashona gauni la binti yangu, nashona foronya, nikikosea nafumua na hakuna anayeniuliza. Raha yangu ilikuwa hiyo tu. Lakini watu hawawezi kukuona na raha wakakuachia. Kila aliyeona kazi yangu alisema neno lile lile: fungua biashara.

Mume wangu ndiye aliyezidi. Alishatoa kochi moja sebuleni, ati hapo ndipo wateja watasimama wapimwe.

"Mama watoto, mikono kama hiyo na unaimalizia kwa foronya?" alikuwa akiniambia.

Nikamwambia hivi: ije oda moja ya maana, ya kikundi kizima, si zipu zinazonuka. Nikiishona na nisichukie cherehani, naandika barua ya kuacha kazi. Nilisema hivyo ili anipe nafasi nipumue, lakini moyoni nilikuwa natamani kweli. Ofisi ilikuwa imenichosha.

Basi oda ikaja, tena kutoka nyumbani kwetu Ruiri.

Wakati huo shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa amelazwa hospitali Meru, na habari zilizotufikia hazikuwa nzuri. Huyu shangazi ndiye aliyevaa gauni la kwanza nililowahi kushona. Lilikuwa la kijani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na pindo limepanda upande kama sketi ya mtu anayevuka mto. Nilimwambia alivae akienda shamba. Yeye akalivaa kanisani, Jumapili, akaketi mbele, na kila aliyemtazama akamwambia, "Nimeshonewa na msichana wetu." Sijawahi kumsahaulia hilo.

Kwa hiyo binti yake wa kwanza alipotokea kwangu Jumamosi moja na wadogo zake wawili, nilijua wameleta habari za mgonjwa. Niliweka chai. Hata sijamaliza kumimina, akafungua mfuko, akatandika kitambaa juu ya meza, robota zima, zambarau yenye maua meupe.

"Tunataka sare," akasema. "Familia yote. Wanawake magauni, wanaume mashati, watoto utaamua mwenyewe."

Nikaliweka birika chini. "Shangazi ametuacha?"

"La, bado."

Alisema bado kama mtu aliyeulizwa kama maharagwe yameiva.

"Lakini hali ni mbaya," akaendelea. "Na wewe unajua vile mafundi hutesa watu dakika za mwisho. Tumeonelea tujipange mapema. Tukasema pia, mbona tumpe mtu wa nje kazi na wewe ni damu yetu? Tukuinue."

Nilimtazama nikidhani atacheka. Wapi! Mdogo wake mmoja alikuwa amejitupia kitambaa begani, anajipiga picha awatumie wenzao kwenye simu. Yule mwingine alitaka gauni lake liwe na mgongo wazi kidogo, kwa sababu Desemba kuna harusi na hapendi kushona nguo mara mbili. Wakaanza kubishana juu ya shingo: ya mraba au ya duara. Mama yao amelala Meru anapigania pumzi, na wao wanapigania shingo ya mraba.

"Na zambarau Mama aliipenda sana," mkubwa akasema, akapangusa jicho ambalo halikuwa na chozi.

Nilikisukuma kile kitambaa upande wao. Ile suruali ya jirani ilikuwa afadhali, maana uchafu wake ungefuliwa ukatoka.

"Kunja kitambaa chako, dada," nikamwambia. "Sishoni nguo ya kumlilia mtu anayepumua."

"Wee, usituletee mambo ya mikosi! Hii ni mipango. Ukitaka kufanya biashara, huruma uiweke kando."

Mume wangu akakohoa, akaniita jikoni. "Si hii ndiyo ile oda uliyoomba?" akaninong'oneza. "Familia nzima! Fikiria vizuri."

"Na wewe ukilazwa kesho, nianze kujishonea nguo za ujane?"

Tuliporudi sebuleni walikuwa wameshakunja robota lao. Waliondoka bila kwaheri, na chai yao ikabaki mezani mpaka ikafanya utando. Jioni hiyo mume wangu alirudisha kochi mahali pake, na mimi kwa majuma mengi sikuigusa cherehani. Kila nikikaa naona zambarau. Nikajiambia kama biashara ndiyo hii, heri ofisi na uchovu wake.

Lakini kutangulia si kufika. Shangazi alianza kwa kuomba uji. Kisha akaanza kugombana na wauguzi juu ya chumvi, na hapo sisi tunaomjua tukajua amerudi. Alipata nguvu, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na familia ikaitisha ibada ya shukrani pale Ruiri. Mungu si Athumani. Nilifunga safari na mume wangu nikiimba njia nzima.

Tulipoingia kwenye hema, wimbo ukanikwama. Walikuwa wamevaa zambarau. Wote! Mabinti, vijana, wajukuu, hadi kitoto cha mgongoni kilikuwa na kofia ya zambarau. Fundi mwingine alikuwa amewashonea, na mgongo wazi ulikuwepo, umetoka vipele kwa upepo wa Ruiri.

"Sasa tungezitupa?" binamu yangu mkubwa akaninong'oneza akinipa mkono. "Kitambaa ni kitambaa."

Nilijifuta mkono kwenye sketi. Walivaa sare ya mazishi wakimshukuru Mungu kwa uhai, na nyuso zao zilikuwa kavu kabisa.

Shangazi akatoka nyumbani akitembea na fimbo, amekonda, na amevaa lile gauni langu la kijani. Ule mkono mrefu alikuwa ameukunja. Akasimama mbele ya hema, akawaangalia kwa zamu, safu kwa safu, mpaka kile kitoto cha mgongoni.

"Mmependeza," akasema. "Na yangu?"

Mchungaji alishusha maikrofoni.

"Mama," binamu yangu akaruka, "yako fundi hakumaliza. Si unawajua mafundi." Akaninyooshea kidevu.

Kicheko kikapita hemani. Kina mama wa kanisa wote waliwahi kudanganywa na fundi, kila mmoja akakumbuka wake. "Hao ni wale wale!" mmoja akasema. Wakanigeukia. Pale pale biashara yangu ikazikwa kabla haijazaliwa.

Ukweli ulikuwa mdomoni. Ningeutoa wangeaibika, hao wote na migongo yao. Lakini aliyekuwa amesimama mbele yangu kwa fimbo ni shangazi, siku yake ya shukrani. Nimwambie nini? Kwamba hizi ndizo nguo walizojiandalia kukuzika?

"Pole, shangazi," nikasema. "Sikumaliza."

Binamu yangu akanitabasamulia, tabasamu la kunishukuru. Katika yote niliyoyaona tangu ile Jumamosi, hakuna lililonitia kinyaa kama tabasamu hilo.

Wakati wa kula shangazi aliniita nikae kando yake. Alikuwa na sahani ya mukimo, anakula polepole. Akaukunjua ule mkono mrefu wa gauni, ukafunika vidole.

"Hapa ulikuwa hujui kushona hata kidogo," akaniambia kwa Kimeru, taratibu. "Na bado ulimaliza."

Niliinamia pindo la gauni lake.

"Wewe huachi nguo katikati. Walikuletea ukakataa, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Nyamaza. Usiwaambie kwamba najua, waache wale nyama." Akatafuna kidogo. "Una tepu yako?"

Tepu huwa haitoki mkobani mwangu.

"Basi nipime. Hapa hapa, wanione. Rangi yoyote, lakini si hiyo yao. Na utanilipisha, sitaki ya bure."

Akashika bega langu, akasimama. Nikapima mabega yaliyobaki mifupa, nikapima kifua, nikapima mikono yote miwili, nikitaja kila kipimo kwa sauti. Mume wangu alikuwa akiviandika kwenye simu yake bila kuambiwa. Watu wa zambarau waliacha kutafuna. Binamu yangu mkubwa alikuwa anakuja na sufuria ya mchuzi, akasimama katikati ya hema. Hiyo ndiyo oda ya kwanza niliyokubali, na mpaka leo, nikiwa na wateja wangu na kochi limetoka tena, sishoni sare ya mazishi ya mtu kabla Mungu hajamchukua.

Nilipofika kiunoni, tepu ilizunguka ikabaki ndefu. Shangazi akawatazama watoto wake.

"Hapo niongezee," akasema, hema zima likasikia. "Nitanenepa."