Santuri Tano za Mzee wa Nyamache

Jamani, ninayowaambia yabaki hapa, ingawa kule Nyamache yameshaenea na kwaya yangu ya Mosocho inanitania kila mazoezi. Aibu ninayo hadi leo, lakini nikiukumbuka ule muziki mwili unanisisimka vilevile.

Mimi ni mwalimu wa muziki, mnajua, na ugonjwa wangu ni santuri za zamani, sasa mwenzangu shuleni akaniambia kuna mjane Nyamache, Mama Kerubo, ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri ambalo marehemu mumewe aliachiwa na padri Mjerumani aliyerudi kwao. Kesho yake nilikuwa huko, hata chai sikumaliza (chai ya Nyamache, na sikumaliza, hapo mjue hali yangu). Ndani ya sanduku mlikuwa na simfoni nzima ya mtunzi mmoja Mjerumani, wale wa zamani waliomimina moyo wote kwenye muziki, imerekodiwa kabla babu yangu hajaoa, santuri tano nzito, kila upande dakika nne tu.

Mama Kerubo akaniangalia akacheka. "Mwalimu, mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya Mzee hapa nyumbani. Alikuwa anatupigia hiyo kila Jumapili. Ukimpigia yote, mwanzo hadi mwisho, sanduku ubebe. Lakini uje siku moja kabla, tujaribu pamoja."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikamwambia, "Mama, usisumbuke, hii ndiyo kazi yangu." Eti sindano inakula santuri, tusizichoshe bure (hiyo ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba sikutaka mama wa shamba la chai anifundishe gramafoni).

Siku yenyewe watu walijaa ua mzima. Misa ikaisha, nikarekebisha tai yangu nyekundu, nikaweka kipaza sauti mbele ya pembe ya gramafoni, nikahutubia sana kuhusu simfoni, kwamba ni safari ya dakika arobaini na mtulie. Nikazungusha mashine, nikashusha sindano. Mkwaruzo kwanza, kama mvua kwenye mabati, kisha fidla zikaanza chinichini, polepole, na hata watoto wakanyamaza. Nilikuwa na furaha ya kunitoa machozi. Upande ukaisha, nami nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya, nikaigeuza ile santuri.

Basi tarumbeta na ngoma zikalipuka zote pamoja, mbio mbio, na mimi nikajua kuna kitu hakiko sawa lakini mkono ulishaganda. Dakika nne baadaye ikapiga ile milio mitatu mizito ya kufunga kazi, na ua mzima ukasimama kupiga makofi. Katekista, aliyekuwa akiongoza shughuli, akachukua kipaza sauti: "Tunamshukuru mwalimu. Alisema dakika arobaini, lakini amehurumia matumbo yetu. Tuombee chakula."

Ningekiri hapo hapo, yangeisha. Badala yake niliinama nikapokea makofi, tena nikaongeza kwamba mtunzi huyu alisifika kwa kutopoteza wakati wa watu. Akina mama wakaanza kufunua sufuria za kuku, na mimi bado nimekumbatia santuri nne kifuani.

Mama Kerubo akainuka polepole kutoka kiti cha mbele, akaomba kipaza sauti. "Mwalimu, na hizo nne ni za nani?"

Watu wote wakageuka. Nikasema ni za akiba. (Za akiba, kama gurudumu la gari.)

"Yaya, omwana one," akasema, bila hasira hata kidogo. "Hapana, mwanangu. Hizi zilitengenezewa mashine inayoziangusha yenyewe moja juu ya nyingine. Unapiga upande mmoja wa zote tano, kisha ndiyo unageuza rundo lote. Mwisho uko mgongoni mwa ya kwanza. Miaka arobaini nimempa Mzee hizi mkononi. Wewe umetuzika kabla hatujaugua."

Walicheka hadi katekista akakaa chini. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ile pembe ya gramafoni nisitoke. Lakini Mama alivuta kiti kando ya mashine, akanyoosha mkono nimpe santuri, akasema, "Zungusha," tukaanza upya, watu wakila na kusikiliza. Na nawaambia, zile tarumbeta zilipofika safari hii, mahali pake, baada ya huzuni yote ile ya katikati, nilielewa kwa nini Mzee hakukosa Jumapili hata moja. Nikalia mbele za watu, aibu juu ya aibu, wala sikujali.

Sanduku sikulipata. "Ahadi ilikuwa mwanzo hadi mwisho, wewe umeruka katikati," Mama Kerubo aliniambia jioni nikiaga. "Lakini Jumapili uje. Mkono wangu umechoka kuzungusha."

Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akiniambia tujaribu kwanza, ninajaribu, hata kama ni kiberiti. Na kila Jumapili baada ya misa niko Nyamache, nazungusha mashine, chai namaliza. Kugeuza, bado anageuza mwenyewe.