Sura ya Magonjwa ya Matiti

Nilipomaliza kidato cha sita, nilirudi Nkoma kusubiri matokeo. Daktari mmoja wa Bariadi, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu, aliniazima kitabu chake cha upasuaji kilichofumuka mgongo. Nilikuwa nimemwambia nataka kusomea udaktari.

"Soma hiki kwanza," alisema. "Ukikimaliza na bado unautaka, njoo tuzungumze."

Nilikisoma nikiwa na kamusi ya Kiingereza mapajani. Ukurasa mmoja uliweza kunimalizia asubuhi nzima. Nilipofika kwenye magonjwa ya matiti, nikakuta picha ya ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, dalili ya saratani. Ngozi ya namna hiyo nilikuwa nimeiona juzi yake kwenye titi la shangazi, nikimsaidia kuoga kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Alisema ni jipu linalokataa kuiva, na mganga wa Sapiwi alishampa dawa ya kupaka.

Sikusema kitu. Nilijiambia mimi si daktari, nimesoma kurasa chache tu, tena kwa kubahatisha maneno. Wiki tatu tulichuma pamba pamoja, yeye akitumia mkono mmoja. Siku aliposhindwa hata kujitwika ndoo, nikamwonyesha picha ile.

Aliitazama. "Huyu mama alipona?"

"Hawajaandika, shangazi."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo za safari.

Bariadi walimpima, wakampa rufaa ya Mwanza. Huko wakasema ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Matokeo yangu yalitoka tukiwa wodini, nimefaulu. Nilipomwambia, aliufumbata mkono wangu ndani ya wake, akageukia ukutani.

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Daktari yule wa Bariadi aliniambia wiki zile tatu zisingebadilisha chochote, na huenda ni kweli. Lakini baada ya mazishi binti mkubwa wa shangazi alinifuata jikoni.

"Kumbe kitabu kilikuwa humu humu ndani wiki zote hizo?"

"Kilikuwepo, dada."

Alisubiri niendelee. Nikainama kuchochea moto. Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda chuoni, na yeye hakuja kuniaga.