Mpira wangu wa gofu ulipasuliwa matangani

Admin, nifichie jina langu, ingawa walio mtaani kwetu Ndosho wakisoma watanijua tu. Mimi ni mama wa miaka 64, mjane, mzaliwa wa Masisi. Naishi hapa Goma kwa mwanangu wa kwanza, pamoja na mke wake na wajukuu wangu. Nilikuwa sekretari katika ofisi moja kule Himbi mpaka nikastaafu. Mtaani wananiita Mama Bureau, yaani mama wa ofisi, na sitasema uongo, jina hilo nalipenda.

Kustaafu kulinipiga vibaya. Umezoea kuamka na kuvaa viatu, ghafla unajikuta unachambua maharage mpaka saa sita, na mkamwana anapita na ndoo akikuzunguka kama kiti. Miguu ikaanza kuvimba, daktari akaniambia nitembee. Sasa bosi wangu wa zamani, muzee mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao aliniachia mfuko wa fimbo zake za gofu na mipira mingi ya zamani sana. Alikuwa amenifundisha kidogo katika bustani ya ofisi, baada ya kazi, kwa kucheka tu. Nikajiambia, kutembea bila sababu siwezi, basi nitatembea nikifuata mpira.

Kila asubuhi, kabla ya wanafunzi kufika, nilikuwa naenda kwenye uwanja wa shule nyuma ya nyumba yetu. Nyasi hakuna pale, ni mchanga mweusi wa volkano. Naweka mpira chini, mdogo, mweupe, naupiga, naufuata. Watu walinitania. "Mama Bureau, ngombe zako ziko wapi?" Kwa maana kwetu Masisi anayetoka asubuhi na fimbo ni mchungaji. Nami nilikuwa nawajibu kwamba zimetangulia. Ndugu zangu, nilikuwa na furaha. Tangu mume wangu afe sikuwa nimelala vizuri kama kipindi kile, na miguu ikapona kabisa.

Siku moja mpira uliruka ukuta ukaanguka uani, kwenye parseli ya jirani yetu, Papa Faustin. Nilibisha hodi, nikautafuta pamoja na mke wake kati ya mawe, hatukuuona. Tulicheka, tukaacha.

Baadaye mtoto wao mchanga alishikwa na homa, na homa ikamwondoa. Mtoto huyo nilimbeba mimi mwenyewe siku aliyotoka maternite alikozaliwa. Nilienda matangani kama jirani yeyote, nikakaa na wamama wengine. Vijana walikuwa wanahamisha mawe ili watu wapate pa kukaa, na chini ya jiwe moja wakakuta mpira wangu. Wakasema ni yai. Mmoja akaukata kwa panga.

Mipira ile ya zamani ndani yake imezungushiwa nyuzi za raba, nyembamba kama nywele, zimevutwa sana. Ukiukata, nyuzi zinafunguka zenyewe, zinajikunja na kuruka. Watu wakaona kitu kinatembea ndani ya yai, na yai hilo limefichwa kwenye nyumba ya mtoto aliyekufa. Wanawake walikimbia. Mtu akasema kwamba wananiona kila asubuhi nikipanda mayai mchangani kwa fimbo ya chuma.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilidhani watu wakielewa watatulia. Nikaenda nyumbani mbio, nikaleta mpira mwingine na kisu cha jikoni, nikaukata mbele yao wote, nikiwaambia watazame, yote iko hivi, ni raba tu. Nyuzi zikaruka tena, nyingine zikanishika mkononi. Kisha muzee mmoja wa familia yao akasema polepole, "Kumbe huyu mama iko nayo mingi."

Nilimtazama mama wa marehemu, yule aliyetafuta mpira ule pamoja nami kwa mikono yake. Aliinamisha kichwa, hakuwaambia kwamba alijua ni mpira. Nimejaribu kutomlaumu kwa sababu amefiwa. Bado sijaweza.

Tangu siku hiyo hakuna anayenipa mkono. Mkamwana ameniwekea sahani yangu peke yangu, na mjukuu aliyekuwa analala nami amepelekwa kwa wazazi wa mama yake. Nabii wa chumba cha maombi cha hapa mtaani amesema Jumapili nisimame mbele ya watu nikiri, ndipo niombewe, fimbo zitupwe ziwani, na mtu asinidhuru. Nisipokiri, vijana wameapa watakuja nyumbani. Masisi siwezi kurudi, kilima chetu kimebaki bila mtu kwa sababu ya vita.

Mwanangu si mtu mbaya. Nilimsomesha mimi, kwa kuandika barua za watu kutwa nzima. Juzi alipiga magoti mbele yangu akalia. "Mama, useme tu ndiyo. Ni neno moja. Batatuchoma na batoto." Nikamwuliza, nikishalisema neno hilo, wale wazazi wa marehemu nitawatazama kwa macho gani? Na wanawe, watakua wakiambiwa kwamba mama wa baba yao aliua mtoto? Alijifuta machozi. Nilifikiri amenielewa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Lakini mama, ile mambo ni ya kweli?"

Sikumjibu, na mpaka sasa sijamjibu. Moyo unaniuma kuliko siku niliyomzika baba yake. Nikikiri, nimejifanya muuaji kwa mdomo wangu. Nikikataa, nyumba ya mwanangu inaweza kuwaka watoto wakiwa ndani. Ninyi hamnijui, labda mtaona njia ambayo mimi siioni. Mwenye neno anipe kabla ya Jumapili. Naomba tu asiwepo wa kuniuliza kama ni kweli. Mwanangu ameshaniuliza.