Siku Niliyokunywa Kabla ya Mume Wangu

Siku hizi wajukuu zangu wanasema kuna watu wanalipa kwenda kuangalia mapango na mito, na jina lake ni utalii. Sisi tulikwenda miaka ile ya sabini, tulipokuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa huku upande wa Kasulu, na hatukuwa na jina la jambo hilo. Tulisema tunatembeza wageni. Watu wote waliokuwa kwenye safari ile majina yao ninayo, hata dereva, hata mbwa wa yule mzee tuliyemkuta. Sitayaandika, kwa sababu watoto wao wapo na wengine tunasali nao.

Ilianza hivi. Mwalimu mmoja wa mjini Kasulu alikuja kwa mwenyekiti wetu wa kijiji akiwa na wageni, wazungu wawili mtu na mkewe, waliotaka kuona pango na mto wenye maji yanayoonyesha mpaka chini. Mwenyekiti akamwita mume wangu, maana mume wangu alikuwa mtembezi na alijua njia nyingi. Lakini pango lenyewe lilikuwa kule juu ya Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, na aliyelijua vizuri ni mtu mmoja tu pale kijijini. Alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka mlangoni pake. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa ananikosesha usingizi.

Alikuwa mjane wa shemeji yangu. Mdogo wa mume wangu alikufa mwaka ule ule wa kuhama, akamwacha na watoto wadogo wawili. Matanga yalikuwa yamekwisha, nywele zimeshanyolewa na zimeshaota tena. Kwetu Buha mjane akifika hapo, ama anarudi kwa wazazi wake, ama ndugu wa marehemu anamchukua. Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja, mume wangu. Padri alipita kwetu kwa nadra, na mume wangu alikuwa hajabatizwa, basi hakuna wa kumzuia. Hakuna aliyesema neno. Ila kila nikienda kisimani wanawake walinyamaza, wakaniuliza habari za maharage yangu.

Niliposikia kwamba mjane na mume wangu watakwenda Manyovu pamoja, nikamwambia mwenyekiti kwamba wageni lazima wale, na mwanaume hajui kusonga ugali. Hakuna aliyenialika. Nilifunga unga wa muhogo na maharage kwenye kitambaa, nikakaa kando ya Landirova ya wageni kabla dereva hajaamka.

Mwalimu akasema mwenye kujua njia akae mbele. Basi mjane akakaa mbele na dereva, kwenye kiti chenye godoro, na mimi nikakaa nyuma juu ya bati na mume wangu na mizigo. Mtu mwenye akili angefurahi, maana mume alikuwa kwangu na yeye alikuwa mbali. Mimi nilimwonea wivu hata wa kile kiti. Kila gari lilipopiga shimo nilimwona yeye anadunda taratibu kama mke wa bwana shauri wa enzi za mkoloni, na mimi meno yanagongana.

Barabara ilipokwisha tukashuka kwa miguu. Mto tuliukuta bondeni. Sijui niuelezeje. Maji yalikuwa kama hayapo. Ungedhani samaki wanaelea hewani juu ya mchanga. Yule mzungu mwanamke alipiga magoti akanywa kwa viganja, akasema maneno ambayo mwalimu hakuweza kuyatafsiri, akabaki anacheka tu. Mjane akapandisha kitenge hadi magotini, akaingia kutuonyesha mahali pa kuvukia. Alikuwa anayajua mawe yale kama mtu anavyojua vitanda vya nyumbani kwao. Mume wangu akafuata.

Wenzangu waliangalia samaki. Mimi niliangalia miguu. Maji yale hayakuficha kitu: mjane akitoa mguu juu ya jiwe, mume wangu anaweka wake hapo hapo, kabla jiwe halijapoa. Wageni nao walikanyaga hapo hapo, lakini wageni sikuwahesabu. Mimi nilipita penye mchanga, pembeni, nikalowa mpaka kiunoni na unga ukiwa kichwani. Mume wangu akaniuliza kwa nini sikufuata mawe. Nikamwambia mawe yalikuwa yamejaa watu.

Baba wa mjane alitupokea vizuri. Alikuwa mzee mwembamba, anapiga makofi ya salamu polepole, na salamu zake zilipita kwa watoto, ng'ombe, mvua, mihogo, mpaka wageni wakaanza kutazamana. Kisha tukaenda pangoni. Mlango wake ni mdogo, unainama, lakini ndani kuna chumba kikubwa kuliko kanisa letu la leo. Popo walikuwa wametanda juu. Maji yalidondoka mahali tusipopaona, na ubaridi wake ulikuwa wa namna ya kuingia masikioni. Tochi ilikuwa moja, ya mwalimu. Mjane akasema huko mbele chini pana mashimo, tushikane mikono kwa mstari.

Hapo sikungoja mtu anipange. Mjane alikuwa mbele, mume wangu nyuma yake, mkono ameshaunyosha. Nikapita katikati yao kama mbuzi anayepita kwenye ua. Mkono huu nikamshika mume wangu, huu nikamshika mjane. Tochi ilipokwenda mbele na giza likatufunika, nikamkaza yule mwanamke vidole kwa nguvu zangu zote. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama changu, cha jembe. Tukatembea hivyo. Halafu akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi tu, "Dada, usinikaze hivyo. Sina pa kukimbilia."

Nililegeza kidogo, kidogo sana.

Tulipotoka wageni walikaa juani wakiandika na kupiga picha, na mimi nikaingia jikoni kwa mama wa mjane kusonga ugali. Huko jikoni moshi ulikuwa mwingi na maneno ya nje sikuyasikia. Nilisikia tu sauti ya yule mzee ikienda mbele na kurudi, na mara moja moja sauti ya mume wangu ikiitikia. Nilidhani wanaendelea na salamu.

Nikatoka na ugali mikononi. Nikawaona. Mume wangu ameketi kwenye kigoda. Mbele yake mtungi wa pombe ya ndizi. Mjane amepiga magoti kando ya mtungi, amekwisha kuonja, kama desturi ya mwenye kukaribisha, na sasa mrija ameushika kwa mikono miwili akimwelekezea mume wangu. Mate yake yakiwa bado juu ya mrija.

Ugali niliuweka chini, kwenye majani. Nikaenda, nikapiga magoti, nikautwaa ule mrija mikononi mwake, nikanywa. Nilikunywa kama mtu aliyetoka kulima. Nilitaka mdomo wangu uwe katikati ya mdomo wake na wa mume wangu. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Nikainua uso. Kisha yule mzee akaanza kupiga makofi yake ya polepole, na mkewe akatoka jikoni akapiga vigelegele.

"Mke mkubwa amekunywa," mzee akasema. "Tena kabla ya mume wake. Na mimi nilikuwa nakesha naogopa kwamba huyu ndiye atakayetusumbua."

Nikamuuliza, "Baba, hii si pombe ya wageni?"

"Ya wageni ni ile pale, mwanangu," akanionyesha mtungi mwingine kwenye kivuli, wale wazungu wakiwa wameuinamia. "Hii ni ya neno letu."

Pombe ya neno, pombe ya kukubali ndoa, ukishainywa huwezi kuitema. Ukiitema unamtukana mwenye nyumba na mizimu yake, na binti yake unamwaibisha hadharani. Nilibaki nimepiga magoti na mrija mkononi. Mume wangu akainama sikioni kwangu. Sauti yake ilikuwa na shukrani ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote.

"Asante, mama watoto," akasema. "Nilikuwa sijui nitakuambiaje."

Halafu akautwaa mrija, akanywa. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa, kitenge kimemfunika uso, na mabega yanatikisika. Mpaka leo sijajua kama alikuwa analia au anacheka.

Habari ilitutangulia kijijini. Wanawake wa kisimani wakaanza kuniita mwenye moyo, wakasema hawajaona mke anayemkaribisha mwenzake kwa magoti. Katekista akanitolea mfano kwa wake wa watu, akakumbuka baadaye kwamba ndoa yenyewe kanisa haliipendi, akaacha.

Ikaja siku ya kumjengea nyumba yake. Mwenyekiti alikuwa na viwanja viwili, kimoja mwisho wa kijiji karibu na njia ya Rungwe Mpya, kingine ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na wangu. Mume wangu akasema tumpeleke kule mwisho, ili mimi nikae kwa amani. Nikakataa. Nikasema ajengewe hapa, mbele yangu. Watu wakazidi kunisifu.

Nilitaka niuone mlango wake ukifunguliwa asubuhi, na ni nani anayetoka. Nilitaka nijue moshi wake unaanza kabla ya wangu au baada ya wangu. Miaka yote tuliyoishi pale, niliamka kabla ya jogoo ili wangu utangulie, na siku nyingi nilipofungua mlango nilikuta moshi wake umeshapanda juu ya mgomba.