Pikapu ya Baba Kwenye Mlima wa Singe

Baba alifia kwenye usukani, kwenye kile kipande cha kupanda ukitoka shambani kwetu Singe kuja mjini. Kifua kilimbana akiwa peke yake, akajipeleka hospitali kwa pikapu yake. Waliomkuta walisema ufunguo ulikuwa bado umewashwa, betri imekufa kwa kupigwa stata, na mguu wake uko juu ya pedeli ya mafuta. Daktari alituambia ni moyo. Kwa nini gari lilisimama, hakuna aliyeuliza.

Nikalirithi mimi, binti yake wa kwanza. Mkoa ulikuwa mpya, kila mwenye kiwanja Babati alikuwa anajenga, na mawe na mchanga havijibebi. Wanaume walisimama kando ya barabara kunitazama nikibadilisha gia utadhani nimempanda fisi. Niliwazoea. Mlima ule sikuuzoea.

Kila nilipoanza kuupanda na mzigo, gari lililegea. Nakanyaga, injini inaguna tu, haivuti. Linatikisika, linazima, karibu kabisa na pale alipokutwa Baba. Nikitulia kidogo nikawasha tena, linawaka vizuri na kupanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko kuwaka tena ndiko kulikonitisha. Kitu kibovu hubaki kibovu mpaka kitengenezwe, lakini hiki kilikuwa kinashika na kuachia, kinashika na kuachia. Mchana kweupe nilikuwa nakaa mle ndani vioo vimefungwa, jasho linanitoka, harufu ya tumbaku ya Baba bado iko kwenye kiti. Siku moja nikasema kwa sauti, "Baba, niachie." Nilijisikia mjinga, na bado niliogopa.

Mama hakutaka kulipanda kabisa. Alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu, mzigo kichwani, gari limeegeshwa uani. "Baba yako hajatulia," aliniambia. "Kuna mtu anamsubiri pale." Lakini kazi yake ya asubuhi hakuiacha. Kifuniko cha tangi la mafuta kiliibiwa mnadani Baba akiwa hai, na sisi, kama nusu ya wenye magari mjini, tulichomeka kitambaa. Mama ndiye aliyekitunza. Kila kulipokucha alizunguka nyuma ya gari, akakisukuma ndani kwa kidole gumba ili mafuta yasimwagike njiani, na kikichakaa au kikipotea alirarua kingine. Alifanya hivyo kwa mumewe, na sasa alifanya kwangu.

Baba mdogo akaja na kibuyu cha pombe. Akayamwagia matairi, akazungumza na marehemu kwa lugha ya nyumbani, kisha iliyobaki akainywa kwa niaba yake mpaka tone la mwisho. Kesho yake gari likazima palepale. Akasema basi liuzwe, na Mama akaitikia kwa kichwa. Nilikasirika. Sikuwa tayari kumuuzia mtu baba yangu, tena bila kujua alichokuwa anakitaka.

Nikarudi kwa fundi, mzee mmoja mwenye gereji nyuma ya stendi, ambaye alikuwa amekwisha kubadilisha plagi na kusafisha kabureta bila mafanikio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo sifungui kitu. Leo tunaliuliza lenyewe."

Alifunga dumu dogo la petroli juu ya boneti kwa kamba, akavuta mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye kabureta, ili injini isinywe kabisa mafuta ya tangini. Tukapakia mawe, tukaenda mlimani. Nilipofika pale nikafumba jicho moja, kama hilo lingesaidia. Gari likapanda mpaka juu bila hata kukohoa. Nilipiga kelele za furaha nikapiga na honi.

"Injini ni nzima," fundi alisema. "Ugonjwa uko tangini."

Tulirudi gereji akalishusha tangi, akaingiza waya aliokuwa ameukunja ncha, akachokoa, akachomoa kitu cheusi kinachochuruzika. Kitambaa kilikuwa kimezama humo siku nyingi. Akanieleza polepole: ukiwa mlimani na mzigo injini inavuta mafuta kwa nguvu, kitambaa kinafuata na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizima hakuna kinachovuta tena, kitambaa kinaachia, njia inafunguka.

"Kwa hiyo ukisubiri kidogo linawaka," nilisema.

"Ukisubiri, ndiyo."

Alikikamua, akakikunjua kwenye kiganja. Chini ya weusi ule kulikuwa na rangi ya kijani na ua la njano. Nilikitambua. Kilikuwa kipande cha kitenge Mama alichonunuliwa na Baba, ambacho nusu yake nyingine alikuwa anajifunga kichwani tangu tulipozika. Nilikaa chini juu ya tairi kuukuu. Nilimwona Baba pale mlimani akipiga stata na kupiga stata, kifua kimembana, hana muda wa kusubiri.

"Mzee, nakuomba," nilisema. "Mtu akikuuliza, sema ni uchafu."

Aliniangalia, akakitupa kwenye pipa la oili chafu. "Ni uchafu," alisema.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwonyesha kifuniko kipya, nikamwambia gari limepona.

"Fundi kasema lilikuwa na nini?"

"Uchafu tu, mama. Tangini."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Uchafu wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua. Jioni nilimkuta amevua kitenge kichwani, amekikunja, anakitazama pale kilipochanika.

Siku hizi anapanda gari. Mlima ule tunaupanda bila shida, na mimi siogopi tena, hakuna kinachonishika. Lakini kila tukifika pale Mama hushika dashibodi kwa mikono yote miwili, na kuniambia kwa sauti ya chini, "Kanyaga, mwanangu. Kanyaga, tumuwahishe hospitali."